Barua kwa mwanangu: Anzia kwa shangazi yako

Mwanangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima. Senene wamechelewa mwaka huu, watu wanakesha na taa zao bure, lakini mvua ipo na migomba imekaa vizuri.

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unauliza, "Mama, nataka kurudi kwa Mungu, nianzie wapi? Na je, ni lazima nisimame mbele ya usharika?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unasema "sawa mama" kabla sijamaliza.

Hilo la pili ndilo jepesi. Ndiyo, utasimama. Utamwona mzee wa kanisa, atakufikisha kwa mchungaji, mtazungumza, kisha Jumapili moja wewe na mama watoto wako mtaitwa mbele pamoja na wengine waliokuwa wamekaa nje ya Meza ya Bwana. Mtaombewa, mtapokelewa kundini, na ibada itaendelea. Ni dakika chache tu. Hata mimi nilisimama pale. Ulikuwa darasa la pili, ukadhani nimekwenda kuimba.

Sijawahi kukusimulia. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama. Bei ya kahawa ilipoanguka, nilichukua kidogo kwenye fedha za kikundi nikisema nitarudisha. Nikachukua tena. Siku ya mahesabu nilikaa kimya, watu wakamgeukia katibu wetu, naye hakuwa na kosa lolote. Yule mama aliacha kuja kanisani. Mimi niliendelea kuja! Nilifunga, nilikesha, nililia kwenye semina mpaka kitenge kikalowa, na moyo ulibaki mzito vilevile.

Bibi yako ndiye aliyenishika. Unajua alilelewa na wazazi waliookoka katika ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda na kufika huku kwetu Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930. Alikua akisikia habari za watu waliorudisha majembe na mbuzi kwa wenyewe, wakati mwingine usiku, bila hata kuitwa. (Si kila kitu cha walokole wa zamani nilikipenda. Wengine walitubu dhambi za majirani kuliko zao.) Aliniuliza, "Hizo fedha ulimwibia Mungu au uliwaibia akina mama?" Nikasema akina mama. "Basi mbona unamlilia Mungu peke yake?"

Kulipa kulinichukua msimu mzima wa kahawa na mbuzi wawili. Kusimama kanisani niliweza. Mlango wa yule mama ndio ulionitoa jasho. Nilipita mbele ya kwake mara mbili nikijifanya naenda kisimani. Nilipoingia nikasema yote. Hakusema neno. Alinitilia kahawa ya kutafuna kwenye kiganja, kama anavyopewa mgeni, tukakaa. Ilipita zaidi ya miaka miwili ndipo akacheka nami tena, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

Sasa yako. Umeandika habari za sala, za pombe, za kufunga ndoa, na yote ni mema. Lakini hukutaja laki nane za mabati ambazo shangazi yako alikutumia huko Mwanza. Mwaka wa pili huu jiko lake linavuja. Anzia hapo. Yesu alisema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uache sadaka yako, uende kwanza ukapatane naye. Mpigie wiki hii, kabla hujamwona mchungaji. Usimwambie "mambo yalikuwa magumu". Mwambie fedha zake ulizila. Kisha mpe hata laki moja kila mwezi, naye aone inafika.

Ila usinielewe vibaya, baba. Hulipi ili Mungu akupokee. Soma tena habari za Zakayo, yule mtoza ushuru. Yesu alimwita angali juu ya mkuyu, akamwambia leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, na Zakayo alikuwa bado hajarudisha hata senti. Ile ahadi ya kurudisha mara nne aliitaja mwenyewe, bila kuombwa, mgeni akiwa tayari amekubali kuingia kwake. Na yule mwana mpotevu, babaye alimwona angali mbali, akamkimbilia, hotuba yake aliyojitungia kule kwa nguruwe haijaisha.

Kwa hiyo yule mhubiri aliyekuambia upande mbegu, yaani utoe sadaka ya laki tatu, ndipo milango ifunguke, mwache. Laki tatu ukizipata zina mwenyewe. Wala usikubali ubatizwe upya. Ulibatizwa ukiwa mchanga na maji yale hayajakauka. Kwenye kipaimara ulikariri Katekisimu Ndogo ya Luther, ile sehemu ya Ubatizo inayosema Adamu wa kale ndani yetu, yaani ile hali yetu ya dhambi, azamishwe kila siku kwa kutubu. Kila siku, mwanangu. Ukianguka Jumanne usingoje Jumapili, na usiseme "nimeharibu tena, basi". Asubuhi sema Baba Yetu polepole, usiku soma Injili ya Luka kipande kidogo. Pombe tutaiongea ukija, hiyo si ya barua.

Njooni Desemba. Pandeni meli ya usiku, wajukuu zangu wafurahi kulala ziwani. Mama yao nitampokea kama mkwe, asiogope. Nimekata nyasi mpya za kutandika.

Shangazi yako nimemwambia tu kwamba huenda ukampigia. Hakujibu kitu. Baadaye, tukimenya ndizi, akaniuliza namba yako ni ile ile ya zamani.

Mama yako.