Mita 60 Kutoka Wapi? Kwa Wanaotaka Kuunganisha Hisabati na Mazingira ya Kigoma

Vijana wanaosoma hisabati tumizi na fizikia huniuliza swali lilelile: mtu anaweza kuendelea na milinganyo yake na papo hapo akafaa kitu kwenye mambo ya mazingira ya hapa Kigoma, au lazima achague kimoja? Usichague. Badili tu mahali pa kuanzia. Wengi huanza na mlinganyo wanaoupenda, na wakishaukokotoa ndipo wanahangaika kutafuta halmashauri ya kuupelekea. Mimi nashauri uanze na namba iliyomo kwenye sheria, kisha uibane kwa maswali ya fizikia.

Chukua mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, pamoja na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Madiwani wa kata za mwambao wanaijua namba hiyo. Kwenye kikao kimoja cha mtaa, mzee mmoja mvuvi alisimama akauliza: "Mita sitini kutoka wapi? Kutoka maji ya mwaka huu, au ya mwaka nilipooa?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi niliandika swali lake daftarini, maana ni swali la hisabati, tena lina ukoo: ni tatizo la mpaka unaohama. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanafizikia Josef Stefan alilishughulikia akichunguza namna barafu ya bahari za ncha ya dunia inavyoongezeka unene. Mpaka kati ya barafu na maji hupewi mwanzoni mwa hesabu. Ni sehemu ya jibu unalotafuta.

Ziwa letu, Tanganyika, nalo mpaka wake unahama kwelikweli. Mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji yanayoondoka huondoka kama mvuke. Katika karne ya 19 mlango wa Lukuga uliziba kwa mchanga na mimea, ziwa likapanda, hadi maji yalipopenya mwishoni mwa miaka ya 1870 na kina kikaanza kushuka kwa kasi. Nenda Ujiji uone pale Livingstone na Stanley walipokutana 1871, kisha tembea hadi majini upime maji yalivyorudi nyuma. Upande wa pili wa hadithi tumeuona wenyewe: baada ya mvua kubwa za 2019 na 2020 ziwa lilipanda, na 2024 likatutisha tena.

Sasa hesabu, na hii haihitaji shahada. Ufukwe ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, ziwa likipanda mita 1 maji yanaingia mita 100 nchi kavu. Mita 60 za sheria zimemezwa zote, na nyumba iliyojengwa kihalali iko majini. Ufukwe ukiwa mkali, mita 1 kwa kila mita 2, kupanda kulekule kunasogeza maji mita 2 tu. Ardhi tambarare ya mdomo wa mto Luiche iko karibu na hali ya kwanza, na milima ya Gombe inakaribia ya pili. Sheria ni moja, lakini kinga anayoipata mtu wa Luiche si kinga ya mtu wa Gombe. Ukienda halmashauri, peleka ramani yenye mistari ya kimo kutoka usawa wa bahari, waone wenyewe mstari gani maji yaliwahi kuufikia. Mlinganyo ubaki mfukoni mpaka mtu auombe. Mara nyingi hauombwi, na si tusi.

Namba ya pili ni ya muda: miezi mitatu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Hapa ndipo vijana wa fizikia hupata hamu ya kutoa hukumu kama kufunga kulifaa au la. Tulia kwanza.

Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha wastani cha mita 570. Ukitumia kanuni ya zamani ya Merian, inayokadiria muda wa kuyumba kwa maji kutokana na urefu na kina cha ziwa, maji ya juu yakisukumwa yanayumba kutoka kaskazini hadi kusini na kurudi kwa takriban saa 5. Huo ni mchezo mdogo. Mchezo mkubwa uko chini, pale maji ya uvuguvugu yanapokalia maji ya baridi. Kiangazi upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini yenye virutubisho hupanda upande wa kusini. Upepo ukilegea, tabaka hizo huyumba polepole, kwa kuwa tofauti ya uzito wao ni ndogo mno, sehemu isiyofika moja kwa elfu. Mzunguko mmoja huchukua karibu mwezi.

Fikiria basi mtu anayepima mavuno ya dagaa wiki moja kabla ya kufunga na wiki moja baada ya kufungua, kisha anatangaza kwamba kufunga kumefaulu au kumeshindwa. Huenda amepima kuyumba kwa ziwa. Au amepima mwezi wa angani, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kamili wengi hupumzisha mitumbwi. Mchango wako kama mwanahisabati ni kusema ulinganisho uwe wa giza kwa giza, na uchukue mizunguko kadhaa. Ni ushauri mdogo unaookoa ripoti nzima.

Zaidi ya hapo usivuke. Modeli yako inajua virutubisho vinapanda lini. Haijui dagaa wanazaa lini. Kati ya hivyo viwili kuna mwani na vijidudu wanaoliwa, na kila hatua ina wataalamu wake. Kituo cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kipo hapahapa Kigoma, na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia uvuvi, wapo mialoni. Kaa nao kabla hujachora mchoro hata mmoja.

Kuhusu ajira nitasema wazi: kamati za kupandisha vyeo huhesabu makala za majarida, na waraka wa kurasa mbili kwa halmashauri hauhesabiki sana. Andika vyote viwili kutoka hesabu moja. Waraka uwe kwa Kiswahili, bila herufi za Kigiriki, na kila namba iwe na kiwango chake cha chini na cha juu. Ukiandika "ziwa litapanda sentimita 40" bila kiwango, mwaka ukipita utaitwa mwongo hata kama hesabu ilikuwa safi.

Na nakala ya kwanza mpelekee mtendaji wa mtaa kabla ya mhariri wa jarida. Atakuonyesha mahali ambapo ramani yako imeweka maji na yeye anajua kuna shamba la mihogo, na jibu lake huja wiki hiyohiyo.