Maswali na Majibu: Umeenda Kinamasini Kupumzika au Kuwinda?

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja. Mtu ameshika kamera, amejitosa kwenye matete, amerudi na picha mbaya na hasira juu yake. Nimechagua zile zenye cha kujifunza, pamoja na moja isiyo nacho, ila imeandikwa na watu wengi mno nikaona nianze nayo ili niondokane nayo.

Ni kamera gani bora kwa kupiga picha ndege wa majini?

Hiyo uliyonayo. Nimelijibu swali hili hadi nimechoka, na bado linaletwa bila hata salamu. Kama ni lazima fedha itoke mfukoni, nunua lenzi ya milimita 300 au zaidi, kwa sababu ndege hatakusogelea eti umebadilisha kamera. Na kama hujawahi kukaa mahali pamoja nusu saa bila kugusa simu, hata hiyo lenzi isubiri.

Daktari alinishauri nitembee sehemu zenye maji na miti nipunguze msongo wa mawazo. Naenda kila wiki na kamera yangu, lakini narudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nakosea wapi?

Daktari alikuambia utembee. Hakukuambia urudi na picha mia mbili. Hizo umejiongezea mwenyewe, na uchovu umeanzia hapo hapo.

Wanasaikolojia Stephen na Rachel Kaplan walishaeleza tangu miaka ya 1980 kwamba akili huchoka inapolazimishwa kukazia jambo moja kwa muda mrefu, na kwamba mazingira ya asili huipumzisha kwa kuwa yanavuta macho bila kuyalazimisha: maji yanatikisika, matete yanainama, kereng'ende anatua na kuruka. Wewe umeuchukua ulazima ule ule wa kazini ukauhamishia kinamasini. Jicho liko kwenye kamera, kidole kwenye kitufe, moyo unakudunda usije ukakosa picha. Utapumzikia wapi hapo?

Kuna utafiti wa mwaka 2019 uliochukua watu karibu 20,000 nchini Uingereza. Waliotumia walau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walielekea zaidi kusema kuwa wana afya njema na wanaridhika na maisha yao, wawe walizitumia kwa mkupuo au kidogo kidogo. Usiugeuze utafiti huo kuwa dozi, maana mwenye afya naye ndiye anayetoka nje zaidi. Lakini angalia: hakuna aliyeulizwa amepiga picha ngapi.

Basi fanya hivi. Ukifika, kamera ibaki begini dakika ishirini za mwanzo. Tafuta ukingo ambapo jua liko mgongoni kwako, ukae chini, utulie. Ndege waliokimbia ulipokuja wataanza kurudi. Kwa kawaida wadogo wa kwenye matete hutangulia, wale wenye miguu mirefu huchelewa kukuamini. Mtazame mdiria. Ana tawi lake. Anainamisha kichwa, anapima maji, anajitupa, anaibuka na samaki mdomoni, kisha anarudi kwenye tawi lile lile na kumpigiza samaki pale mpaka alegee, halafu anammeza kwa kuanzia kichwani ili mapezi yasimkwame kooni. Ukishamwona akifanya hivyo mara mbili tatu, unajua atatua wapi na atageukia upande gani. Sasa toa kamera, ielekeze kwenye tawi, umngoje. Mwenzako anayezunguka kinamasi kizima tangu alfajiri atarudi na mikia tu, ndege wote wakiwa wanamkimbia.

Kwa hiyo hakuna kuchagua kati ya kupumzika na kupata picha. Anayekaa hupata vyote viwili. Anayekimbizana hupata matope.

Saa ngapi mwanga unakuwa mzuri?

Kuanzia jua linapochomoza hadi saa moja na nusu baada yake, na jioni kabla halijazama. Adhuhuri nenda ukalale.

Yangeyange wangu wote wanatoka doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja. Fundi ameniambia kamera ni nzima.

Fundi yuko sahihi. Kamera haijui kwamba ndege ni mweupe; inapima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Yangeyange mmoja akisimama mbele ya matete yenye kivuli, kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, na ndege anaungua. Punguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu ya mwanga, wakati mwingine hata zaidi, halafu tazama kwenye kioo kama manyoya ya mgongoni yanaonekana. Matete yakiwa meusi kidogo si neno, yatang'arishwa baadaye. Unyoya ulioungua haurudishwi na programu yoyote. Ila ndege akiijaza fremu yote mambo hugeuka: hapo kamera humfanya wa kijivu, nawe unatakiwa kuongeza mwanga. Ndiyo maana sipendi watu wanaoniomba "namba za kuweka" kana kwamba kuna namba moja inayofaa kila mahali. Kwa kasi ya shata tu, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga, ndiyo naweza kukupa pa kuanzia: sehemu ya 1/500 ya sekunde kwa ndege anayetembea, 1/2000 kwa anayeruka.

Nilipata kiota chenye makinda lakini majani yaliziba. Nikakata machache, nikapata picha nzuri sana. Rafiki yangu anasema nimefanya kosa. Ni kweli?

Ni kweli, na rafiki yako amekuwa mpole. Yale majani hayakuwa yamekuzibia wewe. Yalikuwa yanawaziba makinda wasichomwe na jua, na wasionwe na kunguru, kenge na nyoka. Ulipoondoka, kiota kilibaki wazi. Mama naye, kila dakika uliyosimama pale, alikuwa mbali na watoto wake, na yai au kinda changa halihitaji muda mrefu juani kufa.

Kwa kuwa umegusa hapo, nimalizie na mengine ambayo hukuuliza. Kumchezea ndege sauti ya mwenzake kwenye simu ili ajitokeze nako ni uonevu: anadhani mpinzani amevamia eneo lake, anaacha kula au kuatamia, anakuja kupigana na spika. Droni juu ya miti yenye viota, usithubutu. Na usiweke picha ya kiota mtandaoni bila kuondoa alama ya mahali, kwa maana simu nyingi huihifadhi ndani ya picha bila wewe kujua. Kesho yake watakuja kumi, kila mmoja na mkasi wake.

Simu inatosha?

Kwa mandhari, yungiyungi na kereng'ende, inatosha. Kwa ndege aliye ng'ambo ya maji, haitoshi, na usijaribu kumfuata kwa miguu.

Je, ni salama kwenda peke yangu?

Inategemea maji hayo yana nini. Penye viboko, hapana. Kiboko hutoka usiku kula majani na kurudi majini alfajiri, yaani saa zile zile unazotafuta wewe mwanga. Ukiona njia pana iliyopondwa katikati ya matete, hiyo ni yake. Usikae juu yake na usisimame kati yake na maji. Penye mamba, ile tabia ya wapiga picha kulala kifudifudi ukingoni ili lenzi iwe usawa wa jicho la ndege iache kabisa. Picha huwa nzuri kweli, lakini mamba naye anapenda pembe hiyo. Usiingie majini kwa miguu: katika nchi za joto, konokono wa maji baridi wanaweza kuwa wamebeba kichocho, na vimelea vyake hupenya kwenye ngozi isiyo na jeraha lolote. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, basi mikono mirefu na dawa ya kujipaka si hiari. Kwenye tope usilolijua, tanguliza fimbo.

Na mwambie mtu unakwenda wapi. Utulivu hauhitaji kupotea.

Mume wangu ananicheka, anasema napoteza muda kupiga picha matope. Nimjibu nini?

Mwambie hayo matope yana mkataba wa kimataifa. Ulisainiwa Februari 2, 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Ardhioevu Duniani. Vinamasi vya mboji, vyenye tope la mimea iliyooza nusu, peke yake vinafunika takriban asilimia 3 ya nchi kavu, lakini vimehifadhi kaboni kuliko mimea ya misitu yote ya dunia.

Akizidi kucheka, msimulie habari za ndege mmoja wa jamii ya *Limosa lapponica*, ndege wa matopeni mwenye mdomo mrefu. Mwaka 2022, akiwa na umri wa miezi mitano hivi, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Ndege wa jamii hiyo hujinenepesha kabla ya safari kwa kula minyoo na wadudu wa kwenye tope. Tope likifukiwa kujengwa maghala, hakuna kituo cha pili. Binafsi naona wanaofukia vinamasi kisha wakalalamikia mafuriko wangepewa makasia badala ya pole.

Nikikaa chini nguo zinalowa. Kuna mbinu yoyote?

Kalia mfuko mkubwa wa plastiki. Ukiondoka, ondoka nao.