Jibu: Tawba 9:5 na Luka 19:27

Habari za jioni, kaka. Nimekuelewa: mwenzako wa ghala la korosho Masasi kakurushia Tawba 9:5 ya Kurani, inayosema washirikina wauawe, kwamba Uislamu umeamuru kuua kila asiyeamini, wewe ukamrudishia Luka 19:27 ya Biblia yake, ya maadui kuletwa na kuchinjwa, sasa mmenuniana.

Anza na aya za jirani. 9:4 inawatoa washirikina, yaani wanaoabudu wengine pamoja na Mungu, waliotimiza mkataba na Waislamu. 9:6 inasema mshirikina akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mungu, kisha afikishwe mahali pa amani. Sasa marehemu utamfikisha wapi?

Luka 19:27 achana nayo. Ni maneno ya mfalme ndani ya mfano wa mafungu kumi ya fedha. Wanafunzi hawakuamriwa kuua. Tena Luka 9:54-55, walipotaka moto ushuke kwenye kijiji cha Wasamaria, Yesu aliwakemea.

Penye uzito kwa mwenzako ni Kumbukumbu la Torati 20:16, Waisraeli waliamriwa wasibakize chenye pumzi. Atakwambia ilihusu Kanaani tu, na kweli mstari wa 17 unayataja mataifa yenyewe. Mkubalie, ila naye akubali Tawba ina watu wake na vita vyake.

Mimi na shemeji yangu, katekista huko Ndanda, tunasoma sura nzima, vitabu viwili mezani. Vipande vya WhatsApp haturuhusu.