Maswali na Majibu: Matundu Matatu Si Cheti

Barua za mwezi huu zimetoka Urambo, Nzega, Sikonge na Tabora mjini, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mwenye bunduki atajuaje kwamba risasi alizonunua zinafanana vya kutosha kumwezesha kupiga shabaha ya mbali? Nimechagua chache. Walioandika kuuliza kampuni ipi inatengeneza risasi bora wanisamehe, kwa kuwa jina lililochapwa juu ya boksi haliwezi kuisemea risasi iliyomo ndani.

Shikamoo Mwalimu. Nilipiga risasi tatu kwa mita 100, na matundu yote yakafunikwa na sarafu moja ya shilingi 200. Je, niseme risasi hizi ni za uhakika? (Urambo)

Marahaba. Usiseme. Swali hili limenichosha, maana haupiti mwezi bila mtu kuniletea karatasi yenye matundu matatu kana kwamba ameniletea cheti. Ukiendelea kupiga kwa bunduki ileile na risasi zilezile, kundi la matundu 10 kwa kawaida litakuwa pana kuliko la matundu matatu kwa zaidi ya nusu. Hiyo haimaanishi kwamba bunduki imeharibika au mkono umechoka. Ni kwamba kila risasi inayoongezwa inaweza kulipanua kundi, lakini haiwezi kulipunguza. Anayetaka sifa hupiga tatu, akaibandua karatasi, akaitia mfukoni.

Isitoshe, mita 100 huficha tofauti za kasi. Chukua risasi ya kawaida ya .308 (hicho ni kipenyo cha kichwa chake kwa inchi) inayotoka mtutuni kwa takriban mita 800 kwa sekunde. Mwenzake akipungukiwa na mita 10 kwa sekunde, kwa umbali wa mita 100 atatua chini kwa milimita 2 hivi, nawe hutaiona tofauti hiyo kwa sababu ni ndogo kuliko tundu lenyewe. Kwa mita 800 tofauti hiyohiyo inazidi sentimita 15. Kwa hiyo sarafu yako imepima mambo mengine, lakini si lile linaloamua shabaha ya mbali.

Nimeazima mashine ya kupima kasi. Risasi tano zimenipa mita 792, 795, 794, 796 na 793 kwa sekunde. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake, ni 1.6. Si ni risasi nzuri sana? (Tabora mjini)

Huyu angalau ameleta namba, na hesabu yake ni sahihi: amegawa kwa 4 badala ya 5, kama inavyotakiwa kwa sampuli. Kosa lake ni kuishika hiyo 1.6 kana kwamba imechongwa kwenye jiwe. Mkengeuko uliopatikana kwa risasi tano ni makadirio dhaifu mno. Ukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95, mkengeuko halisi wa shehena yako unaweza kuwa popote kati ya 0.95 na 4.5, ikiwa kasi zimesambaa kwa namna ya kawaida. Ukiwa 0.95, karibu risasi zako zote zitaangukia ndani ya mwinuko (umbali kati ya tundu la juu na la chini) usiofika sentimita 10 kwa mita 800, mambo mengine yakiwa sawa. Ukiwa 4.5, mwinuko huo utakaribia sentimita 30 au kuzidi. Hizo ni risasi mbili tofauti kabisa, na namba zako tano haziwezi kukuambia unayo ipi.

Ukipiga 10, mipaka hiyo husogea: utazidisha mkengeuko uliopata kwa 0.69 upande wa chini na kwa 1.83 upande wa juu. Ukipiga 30, itakuwa 0.80 na 1.34. Kutoka tano kwenda 10 faida ni kubwa, na kutoka 10 kwenda 30 bado inalipa. Baada ya hapo unachoma fedha ili kupata nyongeza ndogo. Ndiyo maana ninaposhauri huwa nasema 20 ikiwa mfuko umebana, na 30 ikiwa jambo ni zito.

Msomaji asidhani ugumu huu ni wa wenye bunduki peke yao. Aliyeusomesha ulimwengu namna ya kuzitazama sampuli ndogo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, William Sealy Gosset, aliyechapisha makala yake mwaka 1908 kwa jina la kujificha la Student. Naye alibanwa na gharama ya majaribio, kama mimi na wewe tunavyobanwa na bei ya boksi moja la risasi.

Nitachaguaje risasi za kujaribu? Huwa nachukua boksi la juu. (Sikonge)

Baba yako akiuza karanga, je, mnunuzi huchota za juu ya gunia? Hudunga bambo ubavuni, juu, katikati na chini, kwa sababu anajua aliyefunga gunia alikuwa na akili zake. Mnunuzi wa asali naye hatosheki na uso wa ndoo. Wewe unayelipa fedha nyingi kuliko hao wote unachukua boksi la juu!

Kwanza soma namba ya toleo kwenye kila boksi. Toleo moja ni kazi iliyofanywa kwa baruti ya aina moja na mashine zilizorekebishwa kwa namna moja. Toleo jingine la kampuni ileile, lenye picha ileile ya mnyama juu ya boksi, lihesabu kuwa ni risasi nyingine. Hili nimejifunza kwa kulipia. Miaka kadhaa iliyopita nilijaribu boksi moja, likanipendeza, nikarudi dukani nikanunua maboksi sita yaliyobaki bila kugeuza hata moja kutazama ubavuni. Kumbe yalikuwa ya matoleo matatu. Nilitambua jambo hilo nikiwa nimelala juu ya gunia la mchanga, nje kidogo ya barabara ya Sikonge, nikitazama vumbi likiruka kwenye kichuguu shubiri nzima chini ya mahali nilipolenga, huku kijana niliyekuja naye akiwa na adabu ya kutosha kukaa kimya.

Ukiwa na maboksi 10 ya risasi 20 ya toleo moja, chukua risasi tatu kutoka kila boksi. Usizichague kwa macho. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vitie kofiani, uvute vitatu, kisha hesabu nafasi za risasi ndani ya boksi. Baada ya hapo zichanganye zote 30 kabla ya kupiga, ili boksi la kwanza lisipigwe mtutu ukiwa baridi na la mwisho ukiwa unachoma mkono. Na zisikae juu ya dashibodi ya gari. Baruti iliyopata joto kwa kawaida husukuma kwa nguvu zaidi, na jua la Oktoba la Tabora linaweza kukuletea tofauti ambayo kiwanda hakihusiki nayo hata kidogo.

Katika risasi 10, moja ilikwenda pembeni. Naweza kuiondoa katika hesabu? (Nzega)

Ikiwa ulitamka kwamba umekosea kabla hujatazama kwenye darubini ilipotua, iondoe na uandike sababu. Ikiwa ulitazama kwanza ndipo ukakumbuka kwamba ulipiga chafya, iache palepale.

Nina aina mbili za risasi. Nimepiga 10 za kila aina. Ya kwanza ina mkengeuko wa 3 na ya pili 4.5. Nitupe ya pili? (Urambo)

Usitupe. Kwa risasi 10 dhidi ya 10, mkengeuko mmoja unapaswa kuwa karibu mara mbili ya mwingine ndipo useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kuna tofauti. Wako ni mara moja na nusu tu. Ungepata uwiano huohuo kwa risasi 30 za kila aina, ningekuambia ndiyo. Kwa sasa nunua ile ya bei nafuu, mradi haikwami ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa.

Hapa niongeze ambalo hukuuliza. Ukilinganisha makundi kwenye karatasi, acha kupima matundu mawili yaliyo mbali zaidi peke yake, kwani kwa kufanya hivyo umepiga risasi 10 ukatumia mbili na nane ukazipoteza bure. Tafuta kitovu cha kundi, pima umbali wa kila tundu kutoka hapo, kisha chukua wastani. Kazi ni ya dakika 10 na rula ya mtoto wa shule, na kila risasi uliyoilipia itatoa ushahidi wake.

Je, naweza kupima uzito wa risasi nzima kwenye mizani ya sonara badala ya kuzipiga? (Nzega)

Mizani ya sonara ni hodari, lakini itakupimia ganda, fataki (kiwashio cha baruti), baruti na kichwa kwa pamoja. Ganda la .308 lina uzito wa takriban gramu 11 na baruti haifiki gramu 3, hivyo tofauti ndogo ya shaba inatosha kuificha tofauti ya baruti. Risasi iliyo nyepesi kupita kiasi itenge. Zaidi ya hapo, mizani haitakuambia kitu.

Nifundishe kujaza maganda nyumbani. (hakutaja anakotoka)

Sikufundishi. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Anza kwa kwenda na leseni yako polisi ukaulize.

Nimepiga 30 za toleo jipya na hakuna hata moja iliyogoma. Naenda porini na mwindaji bingwa anayefuata nyati. Niwe na amani? (Sikonge)

Kiasi. Kanuni ni nyepesi: usipoona kasoro hata moja, gawa 3 kwa idadi uliyopiga. Tatu kwa 30 ni asilimia 10, maana yake ni kwamba majaribio yako bado hayajaifuta hatari ya risasi moja kugoma katika kila 10. Ili useme hatari haizidi asilimia 1 ungehitaji kupiga 300 bila kugoma hata moja, na najua huna 300. Viwanda vizuri hukaa mbali chini ya mipaka hiyo, lakini huo ni ushahidi wao, haukutoka kwenye risasi zako 30.

Na siku moja itakapogoma, usifungue chemba papo hapo. Fataki huweza kuchelewa. Elekeza mtutu pasipo na mtu, hesabu hadi 30 polepole, ndipo uitoe, uiweke mbali na nyingine, na uandike namba ya toleo lake daftarini kabla hujaisahau.