Mwanangu, iandike kesi ya korosho

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Newala. Huku hatujambo sote, mikorosho imeshapulizwa salfa, na mama yako anauliza kama unakula vizuri huko Dar.

Barua yako tumeisoma wote wawili. Unasema shule za sheria za Marekani unazoomba zina sehemu ya maswali ya tabia, na humo wanauliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa. Unataka kujua ile kesi ya korosho ya mwaka 2018 uitaje au uipite kimya. Wenzako wanakwambia uipite, kwa sababu hukufungwa, hukutozwa hata faini, na hakuna Mmarekani atakayefunga safari kuja kupekua majalada ya mahakama Newala.

Iandike. Popote ambapo swali lao linaigusa, iandike.

Anza kwa kusoma swali la kila shule neno kwa neno, maana wewe mwenyewe umesema hayafanani. Zipo zinazouliza tu makosa makubwa ya jinai ambayo mtu ametiwa hatiani. Zipo zinazouliza kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani, hata kama shauri lilifutwa baadaye. Wewe ulikamatwa, ukashtakiwa, ukakiri, ndipo hakimu akakuachia kwa masharti usitende kosa lolote kwa miezi 12. Miezi hiyo ilipita salama, tunamshukuru Mungu, lakini kupita kwake hakufuti ukweli kwamba ulisimama kizimbani. Kwa swali la aina ya pili jibu ni ndiyo. Kwa lile la kwanza, usijibu kwa kukisia: waandikie ofisi ya udahili ya shule hiyo, uwaeleze kesi iliishaje, uwaulize kama wanataka itajwe. Majibu yao uyatunze.

Hoja kwamba hawatajua ndiyo iliyonikosesha usingizi. Tuseme hawajui leo. Utasoma miaka 3, utamaliza, utaomba uwakili katika jimbo mojawapo. Pale bodi ya jimbo inayosajili mawakili inachunguza tabia ya mwombaji, na fomu uliyojaza wakati wa kuomba shule inaweza kuitishwa ikawekwa kando ya ile unayowajazia wao. Wao nao watakuuliza habari za kukamatwa, na watauliza kwa upana kuliko shule. Hapo utaandika nini? Ukiitaja, wataona shule uliificha. Ukiificha tena, umekuwa mwongo mara ya pili, safari hii mbele ya watu unaowaomba wakuamini na fedha za wateja na siri za watu.

Nimesoma habari za watu wawili wa huko, uwatafute nawe. Reginald Dwayne Betts aliteka gari la mtu kwa bastola akiwa na umri wa miaka 16, akakaa gerezani zaidi ya miaka 8. Baadaye alisoma sheria Yale. Jimbo la Connecticut lilimsimamisha kwanza wamchunguze, na Septemba 2017 likamkubali kuwa wakili. Wa pili ni Stephen Glass, mwandishi wa jarida la The New Republic aliyefukuzwa mwaka 1998 kwa kutunga habari za uongo. Hakuwahi kufungwa. Naye alisoma sheria, mitihani akafaulu, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya California ilimkatalia uwakili, na moja ya mambo waliyomshikia ni kwamba alipokuwa anaomba New York hakueleza uongo wake wote kwa ukamilifu. Bastola na gereza vilipita mlangoni, mwanangu. Yako ni magunia ya korosho.

Lakini usije ukaniambia basi ni jambo dogo, maana hapo ndipo rasimu uliyonitumia iliponiumiza. Umeandika kwamba "ulikamatwa kimakosa katika msako wa korosho ukiwa umemsindikiza mjomba". Kimakosa? Ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unasubiri chuo. Pikipiki ulikuwa unaiendesha wewe, taa umezima, saa tano usiku, nyuma umefunga magunia mawili. Na kopo la kupimia lilikutwa kwenye begi lako, lile kopo lililogongwa chini kwa nyundo likabonyea nje ili lichukue zaidi ya kilo. Ulishika kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kificho kwa kopo badala ya mizani, ukijua ni kangomba.

Mzungu wa ofisi ya udahili hajui kangomba ni nini, na usipomweleza atadhani ni biashara tu iliyokosa leseni. Mweleze kwamba tangu msimu wa 2007/08 mkulima wa huku hupeleka korosho zake ghalani kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zikapimwa kwa mizani, zikauzwa mnadani. Mweleze kwamba mtu wa kangomba huja kabla ya mnada, wakati nyumba haina unga, akiwa na pesa mkononi na kopo lake, akanunua kwa bei anayopanga yeye. Halafu mtaje yule bibi wa bondeni. Jina lake usiliweke, inatosha kusema alikuwa mjane mwenye mikorosho michache na mjukuu anayedaiwa michango shuleni. Aliwauzia nyinyi. Novemba ya mwaka uleule serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na yeye ghalani hakuwa na hata kilo moja. Mimi nilikuwa karani wa chama, nilimwona amesimama pale nje akiwatazama wenzake wanapimiwa. Katika maelezo yako yote hayupo. Umejiweka wewe, mjomba, polisi na hakimu, ukamwacha aliyeumia.

Habari ya mjomba wako naielewa. Kwetu Wamakonde neno la mjomba ni zito, na kijana anayeishi kwa mjomba wake akiambiwa washa pikipiki, anawasha. Liseme hilo kwa sentensi moja, kwa sababu ni kweli. Ukiongeza ya pili, umejificha mgongoni kwake.

Maelezo yenyewe yasizidi nusu ukurasa: tarehe, mahali, ulifanya nini, mahakama iliamua nini, na umefanya nini tangu hapo. Mwaka jana ulipokuja likizo ulikaa na wanachama wa AMCOS yetu ukiwasomea makato kwenye malipo yao, mstari kwa mstari. Hilo litaje bila kulipamba. Machozi usiweke. Na shule zote uzipe maneno yaleyale, asije mtu akakuta tarehe mbili za tukio moja.

Mama yako ana hofu, naye ana haki. Anasema huenda ikatokea shule ikakukataa kwa ajili ya hili. Inawezekana. Ikitokea nitaumia pamoja nawe, na ada ya maombi iliyopotea tutaitafuta nyingine baada ya mnada. Bado nitakwambia vilevile, maana nakutaka uwe wakili anayelala usingizi.

Jumatatu naenda mahakamani kuomba nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri. Nitafutie namba ya shauri, nadhani iko kwenye ile karatasi ya dhamana uliyoiweka pamoja na vyeti vyako. Nakala ikipatikana nitakutumia kwa basi, nawe huko Dar umtafute mfasiri anayetambulika aiweke katika Kiingereza. Mjomba wako nimeshamwambia kwamba kesi inaandikwa na yeye atatajwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema niandike kwamba pikipiki ilikuwa yake.

Baba yako