Seti ya resini haiingii? Punguza unene wa plastiki kwanza

Msomaji wa Tabata ameniandikia wiki hii: amepata chumba cha rubani cha resini (utomvu unaomiminwa ukaganda, huuzwa kama seti ya nyongeza) kwa ajili ya modeli yake ya zamani ya plastiki ya MiG-21, ndege ya vita ya Kisovieti, kwa kipimo cha 1/72, amekipaka rangi kikapendeza, na sasa pande mbili za bodi ya ndege hazifungi. Mgongoni umebaki mwanya wa kama milimita 2. Anauliza kama kauziwa seti mbovu. Hapana, ndugu yangu. Umepaka rangi kabla ya kujaribisha, na ni kosa hilohilo ninaloulizwa kila mara.

Tupige hesabu. Kwenye 1/72, milimita 1 ya modeli ni milimita 72 za ndege halisi. Ukuta wa plastiki wa modeli za miaka ya 1960 na 1970 huwa na milimita 1.5 hivi, sawa na karibu sentimita 11 za bati. Hakuna ndege ya vita yenye bati nene namna hiyo. Aliyechonga resini amefuata upana wa ndege yenyewe, kwa hiyo nafasi anayoitaka imeliwa na ule ukuta. Ni lazima uitoe humo.

Chora kwa kalamu mahali chumba kitakapokaa, ndani ya kila upande wa bodi. Kisha kwaruza kwa kisu chenye ncha ya mviringo, taratibu, ukipeleka upande mmoja tu. Mashine ya kusagia usiitumie hapa: hata kwa mwendo mdogo inayeyusha plastiki, na plastiki iliyoyeyuka hujikunja. Kila baada ya mikwaruzo kumi inua kipande kuelekea dirishani ukiwa umeweka kidole nyuma yake. Kama plastiki ni ya kijivu cheupe, utafika mahali utaanza kuona kivuli cha kidole chako. Acha hapo hapo, maana umebakiza kama nusu milimita na ukiendelea utatoboa. Weka chumba, funga bodi kwa tepu, tazama, fungua, kwaruza tena. Kazi hii inaweza kula jioni mbili nzima. Zile jioni mbili zitoe.

Kama pembeni pamekaa sawa na bado bodi haifungi, geuza chumba chini. Mara nyingi kitako chake kinagonga paa la shimo la gurudumu la mbele. Hapo unasaga resini yenyewe, juu ya msasa namba 400 uliolowa, mpaka sakafu ya chumba inakuwa nyembamba kama kadi. Msasa uwe na maji kila wakati na barakoa iwe usoni. Vumbi la resini ni laini mno na linaingia mapafuni, na feni ya juu italisambaza chumba kizima mpaka walipolala watoto. Sagia ndani ya beseni, umwage maji.

Kabla ya rangi, osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa mswaki wa zamani. Resini hutoka kwenye kalibu inamomiminwa ikiwa na mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayofanya rangi ibanduke pamoja na tepu. Kipande kilichopinda kichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka, kinyooshe, halafu kitie kwenye maji baridi.

Gundi ya plastiki haishiki resini kwa sababu haiwezi kuiyeyusha. Tumia supagluu, au epoksi pale unapohitaji dakika tano za kurekebisha. Supagluu hukauka kwa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo Dar es Salaam inashika kabla hujanyoosha mkono. Chupa iliyofunguliwa itunze kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kioo cha rubani usikiguse kwa supagluu hata kidogo. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiofutika. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Sasa kuhusu kununua, maana hapa ndipo hela zinapopotea. Wengi wetu tunataka MiG-21MF ya JWTZ (jeshi la Tanzania), ndege ya enzi za Vita vya Kagera. MF ilikuwa na kiti cha KM-1 na kioo kinachofungukia kulia. MiG-21F-13 ya mwanzo ilikuwa na kiti cha SK na kioo kinachoinuka kuelekea mbele. Seti zote mbili zinauzwa kwa jina la MiG-21, kwa hiyo soma herufi za mwisho. Magurudumu makubwa nayo yanatofautiana: ya F-13 yalikuwa na kipenyo cha milimita 660, ya MF milimita 800. Kwenye modeli ni kama milimita 9.2 na 11.1. Pima kwa kalipa kabla ya kuyabandika.

Kama ni mara yako ya kwanza, nunua magurudumu na kiti tu. Vinabadilisha sura ya modeli kuliko chochote kingine na havihitaji kukwaruza ukuta.

Bomba la moshi la resini ni zuri, lakini ni zito na linakaa nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ndege itakalia mkia. Funga modeli yote kwa tepu, ibalansishe juu ya penseli mahali pa magurudumu hayo, na ongeza chubwi za ndoano ndani ya ile koni ya puani mpaka pua ishuke yenyewe. Chubwi zipo kwa wauza vifaa vya uvuvi. Nyingi ni za madini ya risasi, kwa hiyo nawa mikono ukimaliza. Ongeza moja zaidi kabla ya kufunga bodi, kwa sababu rangi na vipande vya mkia bado havijaingia kwenye mizani.