Eko imetoka safi, basi kiharusi kilitoka wapi?

CT ya kichwa (picha ya eksirei kwa kompyuta) imeonyesha kiharusi cha mshipa kuziba, si cha kuvuja damu. Mishipa ya shingo haina kizuizi cha maana. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ni ya kawaida, na eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, "haina tatizo". Faili linaandikwa kuwa chanzo hakijulikani, mgonjwa anapewa aspirini na kuruhusiwa. Takribani mgonjwa mmoja kati ya wanne wa kiharusi cha aina hii huishia hapo. Kabla ya kukubali jibu hilo, soma tena ripoti ya eko: ni eko ya aina gani, na ilitumwa kutafuta nini?

Eko ya kawaida hufanywa kwa kifaa kinachowekwa juu ya kifua. Inaona vizuri nguvu ya moyo kusukuma damu, vali (mlango wa moyo) ya mitrali iliyokakamaa kwa homa ya rumatiki, na hata uvimbe mkubwa ndani ya chemba. Lakini chemba ya juu ya kushoto iko nyuma kabisa, mbali na kifaa, na ina kifuko kidogo pembeni ambacho eko hii haikifikii ipasavyo. Kwa mtu mwenye fibrilesheni ya atria, yaani chemba za juu kutetema badala ya kupiga, na asiye na ugonjwa wa vali, mabonge ya damu tisa kati ya kumi yanayopatikana kwenye chemba hiyo, ambayo yanaweza kusafiri hadi kuziba mshipa wa ubongo, hukaa humo kifukoni. Kwa hiyo "hakuna bonge" kwenye eko ya kifuani maana yake ni kwamba halikuonekana mahali palipotazamwa.

Kifuko hicho hutazamwa kwa eko ya kupitia kooni, kwa sababu umio, yaani njia ya chakula, hupita mgongoni mwa chemba yenyewe. Mgonjwa hali chakula kwa saa 6 kabla ya kipimo, anatoa meno bandia, anapuliziwa ganzi kooni na kulala ubavu wa kushoto. Mwambie daktari mapema kama chakula hukwama ukimeza, kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa umio, au una ugonjwa wa ini uliovimbisha mishipa ya umio. Baada ya kipimo, usile wala kunywa mpaka ganzi iishe kabisa, kisha uanze na maji kidogo kidogo. Hapa aliyepata kiharusi ana hatari ya ziada: huenda kumeza kwake tayari kuna kasoro, na maji yakapita njia ya mapafu. Kumeza kupimwe kwanza.

Kipimo kinachoharibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani ni cha mapovu, kinachotafuta tundu kati ya chemba mbili za juu. Mabomba mawili ya sindano ya ml 10 huunganishwa kwa koki ya njia tatu, yakiwa na ml 9 za maji ya chumvi ya dripu na ml 1 ya hewa. Husukumwa huku na huko kwa nguvu mpaka maji yageuke meupe, kisha huingizwa mara moja, kabla mapovu hayajapasuka, kwenye kanula (mrija mdogo) nzuri ya mshipa wa kiwiko. Mgonjwa anajikamua kama mtu anayesukuma choo kigumu, na kuachia pale mapovu yanapojaa chemba ya kulia. Yakivuka kwenda kushoto ndani ya mapigo 3, kuna tundu. Yakichelewa zaidi ya hapo, mara nyingi njia iko kwenye mapafu.

Kosa kubwa ni kujikamua kwa ulegevu. Shinikizo la kulia halipandi, tundu halifunguki, na ripoti inatoka "hakuna". Aliyepewa dawa nyingi ya usingizi hawezi kujikamua kabisa, ndiyo maana afundishwe na afanye mazoezi kabla ya kulazwa kitandani. Ripoti isiyosema kama mgonjwa alijikamua, na kama chemba ya kulia ilijaa mapovu, msiitegemee, ombeni irudiwe.

Na tundu likipatikana, lisihukumiwe haraka. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne analo bila shida yoyote. Majaribio yaliyochapishwa 2017 yalionyesha faida ya kuliziba hasa kwa wenye miaka 18 hadi 60, tundu likiwa kubwa au ukuta wake ukiwa legelege, na chanzo kingine hakipo. Mishipa ya miguu nayo ipimwe mapema, kwani bonge linalovuka tunduni lazima lianzie mahali.

CT ya moyo ni ya haraka, lakini damu inayozunguka polepole kifukoni huonekana kama bonge kwenye picha ya kwanza. Picha ya pili, kama dakika moja baadaye, ndiyo inayotofautisha: damu itakuwa imejaa dawa ya rangi iliyochomwa mshipani, bonge litabaki jeusi. MRI, picha ya sumaku, inashinda zote kwa bonge lililo kwenye ncha ya ventrikali (chemba ya chini) ya kushoto, na huonyesha kovu la shambulio la moyo ambalo mgonjwa hakulijua. Tatizo ni kulala kimya muda mrefu na kubana pumzi kwa amri, jambo gumu kwa aliyepoteza uwezo wa kuelewa maneno.

Kukiwa na homa, huenda vijidudu vimeshambulia vali: damu ya kuotesha vijidudu ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na vali zitazamwe kwa eko ya kooni. Ikitoka safi na shaka ikabaki, irudiwe baada ya siku 5 hadi 7. Dawa za kuzuia damu kuganda kwa mgonjwa wa namna hii zinaweza kumwaga damu kwenye ubongo.

Picha, hata iwe nzuri vipi, haioni mapigo ya wiki ijayo. Kwenye jaribio la 2014, kifaa kilichowekwa chini ya ngozi kilikuta fibrilesheni kwa asilimia 12.4 ya wagonjwa wa kiharusi kisichojulikana chanzo ndani ya miezi 12, dhidi ya asilimia 2 kwa ufuatiliaji wa kawaida. Tunasisitiza kutafuta kwa sababu kubahatisha hakusaidii: majaribio ya 2018 na 2019 yaliyowapa wagonjwa hawa dawa za kuzuia kuganda bila kujua chanzo hayakushinda aspirini.

Fomu ya ombi isiandikwe "eko, kiharusi" tu. Iandikwe hivi: "Miaka 44, kiharusi cha kuziba, shingo safi, ECG ya kawaida. Tafadhali eko ya kooni: kifuko cha kushoto, vali, upinde wa aorta, na mapovu, akiwa ametulia na akijikamua."